Mshono wa Ukutani kwa Wifi Zaina

Wiki iliyopita kijana wa mwenye nyumba alinifuata kibarazani ninaposhonea, akasimama juani kama mtu aliyetumwa posa, akasema, "Mama, kesho tunavunja ile nyumba ya Biryogo aliyokaa kaka yako zamani. Tunajenga duka. Kama iko kitu mnataka, muje muchukue." Nikamwambia nataka ukuta. Akacheka, kwa sababu mtaa mzima unajua mimi ni mtu wa mizaha. Hata nikisema jino linaniuma, watu wanasubiri nimalizie ili wacheke. Lakini siku ile sikuwa natania. Nilifunika cherehani, nikajitupia mtandio, nikashuka naye vichochoroni mpaka kwenye mlango ule wa mbao, ambao bado unakwaruza sakafu palepale ulipokuwa unakwaruza. Ndani hamna kitanda, hamna pazia, kuna mifuko mitatu ya saruji na baiskeli bila tairi. Kijana akaniambia, "Ingia, Mama." Nikabaki nimesimama kizingitini. Kusimama kwenye kizingiti kile ni kazi niliyoizoea, niliifanya miezi mingi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Masomo yangu yalikuwa yameishia shule ya msingi, mdomo wangu haujaishia popote. Nilikuwa na cherehani ya kukanyaga kwenye baraza la duka la vitambaa kule Nyamirambo, mwanamke peke yangu kati ya mafundi wanaume wanne, na niliwaendesha wote kwa maneno. Kaka yangu Yusufu alikuwa dereva wa lori, mwaka ule ndio kwanza ameoa, na mke wake ndiye Zaina, wifi yangu. Sisi na mawifi zetu tunataniana, ndivyo ilivyo, lakini mimi na Zaina tulizidisha. Siku ya tatu ya ndoa niliingia kwake nikaonja mchuzi wake nikamuuliza kama kaka yangu ameoa mke au ameoa chumvi. Akanijibu bila kugeuka, "Kaa ule, wifi, maana kwenu naona walikulea kwa maneno matupu." Hapo nikajua nimepata mwenzangu.

Karatasi zilikuja na Yusufu. Familia moja ya Wabelgiji ilikuwa inafunga nyumba kurudi kwao, akawabebea vyombo, wakamwachia vitu ambavyo havikuingia kwenye makasha: taa isiyowaka, viatu vya mtoto, na roli sita za karatasi ya kubandika ukutani. Zaina alipofungua ya kwanza juu ya kitanda, aliipapasa kwa kiganja. Ilikuwa nyeupe ya maziwa, imechorwa matawi membamba, na kila tawi limekaliwa na ndege wawili wa buluu wanaotazamana. Akasema polepole, "Maju, hiki chumba kitakuwa kama cha wazungu." Nikamwambia basi na yeye itabidi apauke. Akanirushia kiatu cha yule mtoto. Yusufu alikuwa anaondoka keshoye na safari ndefu, Kampala mpaka Mombasa na kurudi, na tajiri wake alishamwambia atazunguka huko miezi mingi. Akasema, "Nikirudi baada ya Idi nataka nikute ndege ukutani." Zaina akaniangalia. Nikajipiga kifua. "Fundi wa nini? Mshono ni mshono. Nguo nashona, ukuta ndio utanishinda?"

Hatukuanza mara moja. Zilikuja mvua, na pamoja na mvua kikaja kikohozi cha Zaina. Mwanzoni ilikuwa kikohozi kama cha mtu yeyote, tukamnywesha tangawizi na asali. Halafu akaanza kukonda mikono. Halafu mama yake akahama kutoka kwake akaja kulala pale, kwenye mkeka, na siku moja nikiwa uani nasuuza vikombe nikamsikia anaongea na jirani dirishani. Jirani anauliza, "Wamesemaje hospitali?" Mama Zaina anajibu, "Wamesema kifua. Wamempa dawa, wamesema tumtengee kikombe chake." Jirani akasema, "Na huyu binti anayekuja kuchekacheka hapa, anajua?" Mama Zaina akasema, "Anajua nini, huyu ni mtoto." Kile nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, cha Zaina. Nilikiweka chini kama kimeniunguza. Nikaosha mikono mara tatu. Toka siku ile nikaanza kusimama kizingitini.

Naandika haya nikiwa na mvi zangu na bado naona aibu. Nilikuwa namwogopa. Mtu niliyekula naye sahani moja, isombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo, vidole vyetu vinagongana tunagombania nyama, sasa nilikuwa navuta pumzi nje kabla ya kuingia, kama mtu anayepiga mbizi. Na kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi kwa mtu kama mimi: nikimchekesha, anakohoa. Kicheko kinaanza vizuri, halafu kinashika njia nyingine, anainama, kitambaa kinakwenda mdomoni, na Mama Zaina anapiga kelele toka uani, "Maju! Usimchekeshe mwenzio!" Sasa mimi bila kuchekesha nina nini? Nilikuwa nakaa pale kimya kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikaanza kuwa na kazi nyingi. Siku mbili siendi, siku nne siendi. Nikikutana na Mama Zaina sokoni nasema, "Cherehani imeharibika, Mama." Cherehani yangu mwaka ule iliharibika kuliko cherehani zote za Kigali.

Karatasi ndiyo iliyonirudisha. Zaina alimtuma mtoto wa jirani: mwambie wifi, ndege wananisubiri. Hapo sikuwa na njia, maana nilijipiga kifua mbele ya watu. Nikapika gundi ya unga wa muhogo, nikaazima ngazi, na nikabandika kama ninavyojua mimi. Na mimi ninachojua ni kushona. Fundi cherehani hawezi kuunganisha vitambaa viwili bila kuacha nafasi ya mshono, utakuwa wazimu, nguo itafumuka. Kwa hiyo kila kipande nilikipandisha juu ya mwenzake vidole viwili, nikavuta kikae sawa kama ninavyovuta kitambaa, nikashindilia. Mshono ukabaki umevimba kama mshipa wa shingo. Nikasema, hii dawa yake ni pasi. Nikatia makaa kwenye pasi, nikapanda ngazi, nikapiga pasi ukuta wa udongo. Mvuke ukatoka, harufu ya ugali ulioungua ikajaa chumbani, na nilipoinua pasi, ndege wanne walikuwa wamegeuka rangi ya kahawia.

Zaina alikuwa ananitazama toka kitandani. Akanyoosha kidole penye mshono, pale karatasi moja ilipoificha nyingine, na ndege waliokatwa katikati wamebaki wembamba, mdomo na mkia bila tumbo. "Hawa," akasema, "hawa wamefunga Ramadhani mapema." Nikajizuia. Akaendelea, "Na wale wa kahawia ni wale waliokula mchana, wameshafika motoni." Tukacheka, akakohoa, Mama Zaina akaja na beseni, na mimi nikajikuta niko nje, mgongo ukutani, navuta pumzi.

Keshoye mtoto wa jirani yuko kibarazani kwangu: wifi anasema mshono umefunguka. Nikaenda baada ya alasiri, jua likitoka barazani. Ule wa karibu na mto wake ulikuwa umebanduka urefu wa kiganja, umejikunja kama ulimi. Nikaubandika. Nikakaa kidogo, kwa kuwa gundi lazima uishike mpaka ishike. Huwezi kushika karatasi kimya nusu saa, kwa hiyo tukaongea, mimi nimegeukia ukuta, yeye kalala ubavu. Nilimweleza habari za barazani, fundi aliyemshonea imamu kanzu yenye mkono mmoja mrefu. Nikiwa nimempa mgongo sikuogopa sana. Keshoye umefunguka tena. Na kesho kutwa. Mara urefu wa kidole, mara urefu wa mkono, sikuzote uleule wa katikati, pale usoni kwake. Nilimaliza bakuli na bakuli za gundi. Nilitukana Wabelgiji, nilitukana muhogo, nilitukana mvua. Zaina alikuwa anasema tu, "Pole, wifi. Naona ukuta wangu haukupendi."

Ukaingia mwezi wa Ramadhani, nami nikawa naenda karibu kila siku, nakaa mpaka watu wanaanza kuandaa futari: uji wa pilipili manga, tende chache, sambusa za Mama Zaina zenye vitunguu vingi kuliko nyama. Siku moja kabla ya saa ya kufuturu Zaina aliinua kikombe chake kile cha ukingo wa buluu, chai ya maziwa bado inatoa moshi, akaninyooshea. "Kunywa, wifi, umechoka." Nikasema, "Nimefunga." Akaniangalia. "Jana uliniambia uko kwenye siku zako." Mimi Maju nikainamia bakuli la gundi, nikakoroga. Akarudisha kikombe taratibu kwenye kiti, akasema, "Chai ya Mama kweli ina sukari nyingi," akageukia ukuta, kidole chake kinapita juu ya ndege mmoja, kinakwenda na kurudi.

Nadhani aibu ile ndiyo iliyonipeleka kwa Mzee Karoli. Nilitaka kumfanyia kitu kimoja kisicho na kasoro. Mzee Karoli alikuwa fundi rangi wa zamani, alifanya kazi kwenye nyumba za wazungu mpaka goti likamkatalia ngazi, na alikuwa anakaa nyuma ya kanisa na kuku wake. Nikamweleza vidole viwili na pasi. Alicheka mpaka akashika goti. "Yewe mukobwa! Wewe binti, ulipiga ukuta pasi? Ukuta ulikuwa unakwenda harusi?" Halafu akanifundisha, akitumia gazeti na ubao wa mlango wake. Kwanza ukuta unywe gundi nyepesi, ukauke, ndipo hautanyonya ya karatasi. Kisha paka gundi kwenye karatasi, ikunje, gundi kwa gundi, uiache. "Wacha irare. Iko kama mutu, inyweshe kwanza, ipumuzike, ndio uisimamishe." Maana karatasi ikilowa inatanuka, na ikiwa bado inatanuka ukutani, itavimba. "Na hapana vuta! Ukivuta, leo inakubali kwa sababu iko mbichi. Ikikauka inarudi kwao, mushono unafunguka." Na zaidi ya yote, hapana kupandishana. Ukingo uguse ukingo, basi, kama watu wawili wamesimama bega kwa bega. Nikamuuliza, "Na nafasi ya mshono?" Akasema, "Nafasi ya nini? Haitavaliwa!" Mwisho akaniambia niukandamize kwa kigurudumu kidogo cha mti. Yeye chake kilipotea. Nikasema mimi ninavyo mia.

Nilikwenda siku ya Alhamisi na kigurudumu cha uzi uliokwisha, kile cha mti, nimekipitisha msumari katikati kizunguke. Tulimtoa Zaina na mkeka wake uani, akakaa anatazama kupitia mlango. Nilibandua yote ya zamani, nikaunywesha ukuta, nikanyoosha uzi kutoka juu na mkasi wangu umening'inia mwisho wake ili nipate wima. Roli mbili zilizobaki zilitosha vipande vinne tu, ukuta wa kitandani peke yake. Nikaviacha vilale, nikavisimamisha, nikavisogeza kwa viganja bila kuvuta, mpaka mdomo wa ndege wa huku ukakutana na shingo yake ya kule. Nikapitisha kigurudumu cha uzi juu ya kila mshono, kidogo tu, bila kukamua gundi, nikafuta na kitambaa chenye maji. Jua la alasiri lilipopiga ukuta kwa ubavu, pale ambapo kila kasoro inajitangaza, sikuona kitu. Hata mimi niliyeibandika nilitafuta mshono kwa vidole.

Tulimrudisha Zaina kitandani, mama yake kwapa moja, na mimi, Mungu anisamehe, nikashika mto. Akauweka mkono pale pale katikati, akapapasa juu mpaka chini. "Haushikiki," akasema. Nikajisifu kama jogoo. "Hata ukucha haupiti! Sasa umepona ukuta wako, sitakusumbua tena." Akasema, "Kwa hiyo kesho hutakuja?" "Nije kufanya nini, wifi? Idi hii hapa, nguo zimejaa mpaka darini." Mkono wake ulibaki ukutani. Halafu akasema, "Kweli. Kazi imekwisha. Asante, Maju." Hakuniita wifi. Nililisikia hilo, nikalipita, nikatoka nje nikapumua.

Sikwenda siku tisa. Nilishona magauni ya watoto wa Nyamirambo nzima. Siku ya sita yule mtoto wa jirani akatokea, kasimama mguu mmoja juu ya mwingine. "Wifi yako anasema mshono umefunguka." Barazani mafundi wote wakanitazama, maana nilikuwa nimewatangazia kazi yangu. Nikacheka, pini zimejaa mdomoni. "Mwambie ule nimeushona mimi. Haufunguki." Wakacheka na wao. Mtoto akacheka, akakimbia na jibu langu.

Zaina alikufa siku moja kabla ya Idi, mchana, wakati watu wanauliza kama mwezi utaonekana. Waliponiita nilikuwa napiga pasi gauni la mtu. Sikumbuki kushuka Biryogo, nakumbuka tu kwamba safari ile sikusimama mlangoni. Waoshaji walikuwa wawili, bibi mmoja wa mtaani na Mama Zaina mwenyewe, wakasema wanahitaji mkono wa tatu. Nikakunja mikono ya gauni. Ndiyo mara ya kwanza niliyomshika tangu siku ya kikombe kule uani. Bibi akanipa kijiti chembamba akasema nimsafishe kucha, taratibu, kama yuko hai. Mkono wa kushoto ulikuwa safi. Wa kulia, ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umevunjika mpaka kwenye nyama, na chini yake kulikuwa na vipande vidogo vya karatasi. Vyeupe, na kimoja cha buluu.

Mama Zaina aliona ninachotazama. Alikuwa anamimina maji, hakuacha kumimina. "Wewe ulidhani unafunguka wenyewe?" akasema. "Ule wa mwanzo, ukitoka tu anaanza na ukucha. Nilimgombeza. Akaniambia, 'Mama, usipoharibika, Maju hana sababu ya kuja.'" Akamimina tena. "Huu wa mwisho alihangaika nao siku zote hizi. Ukamshinda." Hakulisema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeshukuru. Bibi mwoshaji akasema, "Punguzeni maneno, tunamsitiri mtu." Nikatoa vile vipande kimoja kimoja. Havikutaka kutoka, gundi niliipika vizuri.

Yusufu alirudi siku kumi na moja baadaye. Aliambiwa njiani, mpakani, na dereva mwenzake. Aliingia chumbani na viatu vyake vya vumbi, akakaa kwenye kitanda kisicho na godoro, akautazama ukuta muda mrefu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nimejiandaa kumweleza. Akasema, "Kazi safi, Maju. Sijaona fundi wa kiume anayebandika hivi." Kaka yangu hakuwahi kunisifu kabla ya hapo. Sikumweleza. Sikumweleza siku ile, wala miaka yote hii, na sasa anaishi Bujumbura na mke mwingine na wajukuu, nikienda kumsalimia bado anawaambia watu, "Huyu mdogo wangu alinibandikia ukuta, msiulize." Mimi napiga utani, wanacheka, chai inaletwa. Chai nakunywa kwa kikombe chochote ninachopewa, cha mgonjwa, cha mzima, siulizi. Watu wa barazani wanasema nina moyo mgumu, maana akiugua mtu mtaani mimi ndiye wa kwanza kukaa kitandani kwake. Naenda mikono mitupu, bila bakuli la gundi.

Kijana wa mwenye nyumba alikuwa ananisubiri. "Mama, ukuta utaubeba vipi?" Nikaingia, nikaruka mifuko ya saruji. Vipande viwili vya pembeni vimeanguka zamani, panya wamekula muhogo wao. Vya katikati viko. Karatasi imegeuka rangi ya chai, ndege wamepauka. Mchana ulikuwa umekwenda na jua linaingia kwa ubavu, kwa hiyo niliiona vizuri, kwenye kimo cha mto wa kulalia: mistari mifupi, myembamba, mingi, juu na chini ya mshono, kama mtu aliyekuwa anajaribu kuwasha kiberiti kilicholowa. Mwenye kubomoa angesema ni paka. Niliweka ukucha wangu pale pale alipoweka wake, nikasukuma. Nikasukuma tena, na ukucha mwingine, kwa nguvu, mpaka ukakatika, na kijana akasema, "Mama, unajiumiza, tutaipasua kwa sururu."

Haukufunguka.